Viti Vifupi vya Kimeli

Kimeli wa Sosiot alikuwa fundi wa makochi, lakini roho yake ilikuwa kwa viti vya zamani, vile vya miaka ya sitini vilivyotupwa nje wakati nyumba za mameneja wa majani chai zilipoletewa vyombo vipya. Viti vyembamba, vya miguu iliyochongoka na kulala upande kidogo, mikono ya mbao isiyo na mapambo, na pa kukalia pako chini karibu na sakafu. Alivipata vikiwa vimetagiwa mayai na kuku. Alivivua kitambaa, akakaza springi, akapiga msasa mpaka mbao ikarudisha rangi yake. Kuuza hakuuza. Sebule ilijaa, na chumba cha watoto nacho kikajaa.

Mkewe Edinah alivipenda pia. Yeye ndiye aliyevishonea vitambaa. Halafu mwaka mmoja akateleza kwenye mteremko wa shamba lao la chai, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na mkongojo, na viti vile havikumfaa tena. Akishuka, kuinuka hawezi.

"Baba Chelimo," alimwambia mumewe, "si uniongezee hii moja miguu kidogo."

"Nikiongeza haitakuwa ile kiti tena, Mama Chelimo. Itakuwa imeharibika."

 Edinah alileta kiti cha plastiki kutoka jikoni, akakiweka katikati ya viti vya mumewe, na hapo ndipo alipokaa misimu miwili ya mvua, akichambua mboga, akisoma Biblia, akipokea wageni.

Binti yao Chelimo, mwalimu mjini Kericho, alipokuja Krismasi, alimsalimia mama kwenye kiti chake cha plastiki. Kisha akamfuata baba yake kwenye karakana.

"Baba, nyumba imejaa viti na mama hana mahali pa kukaa."

Kimeli aliendelea kupiga msasa kama hakusikia. Lakini asubuhi iliyofuata alikichukua kile alichokithamini kuliko vyote, akakipindua, akakata miguu yake, akaanza kuunga mirefu. Edinah alichagua kitambaa cha kijani. Kila alasiri alikaa mlangoni mwa karakana akimtazama, wakapiga stori na kucheka kama hawajawahi kuzeeka.

"Usikimbize kazi," alimwambia. "Mimi nangoja."

Baridi ikaingia, kifua kikambana Edinah, akalazwa. Kiti kilikuwa kimefika kwenye sponji, bado kuvikwa kitambaa, simu ya hospitali ilipolia.

Waombolezaji walijaa nyumbani. Mama mmoja wa kanisa, akiwa ameketi vizuri, alipapasa mkono wa kiti chake.

"Mzee, hizi viti zako ni nzuri sana. Marehemu alikuwa na bahati."

Kimeli alisema asante. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akashika ukuta kwa mikono yote miwili, na Chelimo ndiye aliyemkuta pale, analia kwa sauti.

Baada ya mazishi alifunga karakana kwa kufuli. Wateja wakipiga simu, huwaambia watafute fundi mwingine Kericho. Chelimo alimwomba wakaishi pamoja mjini. Alikataa.

Jioni binti humpigia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula," husema, na jikoni moto haujawashwa.