Divai ya Kutema

Jumapili, jirani yangu hapa Ruiru alitualika kulinganisha divai mbili nyekundu za Australia, zote zimezeeka chupani.

"Zungusha mdomoni, halafu uteme kwa ndoo," akatuelekeza. "Ukimeza, utalewa na hutajua gani ni bora."

Tukatema kwa adabu. Mama yake, aliyekuja kumtembelea kutoka Gatuanyaga, alitutazama tu, kikombe cha chai mkononi. Kwao, watu wakiagana, mzee humtemea mtoto mate viganjani kumbariki.

"Ngai! Mungu wangu!" akasema mwishowe. "Na hiyo ndoo mnaibariki iende wapi?"

Ndoo ikatolewa nje, tukaanza kumeza.

Divai ipi ilishinda? Usiniulize. Ninachojua ni kwamba mama, akiaga, alimtemea mwanawe mate viganjani, naye hakuyafuta.