Sijafika Miguuni

Mwaka wa pili wa udaktari nilianguka anatomia, somo la mwili na viungo vyake, na sikumwambia mtu. Majina yalibandikwa ubaoni asubuhi. Wenzangu walikumbatiana, mimi nikajifanya natafuta kalamu ndani ya mkoba mpaka wakaondoka wote. Barua niliyopewa ilikuwa fupi: baada ya wiki sita nitarudia mtihani, na nikianguka tena, natolewa chuoni.

Sasa nikamwambie nani? Kwetu Kibokoni nilikuwa daktari tangu siku niliyoitwa kujiunga na chuo. Wallahi sikuwa nimeshika hata bomba la sindano! Wazee waliokaa barazani walikunja miguu nipite: "Pita, daktari." Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alinisimamisha njiani anionyeshe jicho lake linalotoka maji. Harusini nilikalishwa mbele na mabibi, kila mmoja na ugonjwa wake. Siku ile ya matokeo nilipita njia ile ile, wakanisalimu vile vile, nikaitika. Sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa nikiitikia jina ambalo nilijua huenda nisilipate.

Na mama je? Tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye, tangu baba alipofariki mwaka mmoja nyuma. Alikuwa akiumwa na goti. "Mwanangu, hebu nitazamie, goti hili lina nini?" Mimi nikimjibu kwa ukali, "Nenda hospitali, mama, si kila kitu ni mimi." Aliniuliza mara tatu, kisha akaacha. Nikashukuru kwamba ameacha. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Si kwamba nilikuwa mvivu. Nilisoma mpaka koo likakauka. Lakini nilisoma kama nilivyofunzwa na baba. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, na darasa lake lilikuwa chini ya nyumba yetu. Mtoto akikosea neno moja katika sura, baba hakupiga wala hakufoka. Alisema tu, "Rudi mwanzo," na mtoto akarudi. Nami nilihifadhi Kurani hivyo, mbele yake, nikiwa mdogo kuliko wenzangu wote, na furaha aliyoionyesha siku niliyomaliza sijaiona tena usoni pa mtu.

Basi kitabu cha anatomia nilikipandisha chumba cha juu, na kila baada ya alasiri nikakisoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake, nikiyumba mbele na nyuma. Kitabu chetu kilianza na bega. Nikikosa neno, narudi begani. Nikifika kiganjani nikakwama, narudi begani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na baba hakuwapo. Pengine ndiyo maana nilishikilia.

Wiki ile ya barua, mwalimu wetu wa anatomia aliniita ofisini kwake. Mama wa bara, mwenye sauti kavu, tuliyemwogopa sote. Nilidhani nakwenda kukaripiwa. Alitandaza karatasi yangu ya mtihani mezani.

"Bega na mkono umeandika neno kwa neno, kama kitabu chenyewe. Kifua, nusu. Tumbo, mistari miwili. Miguu, hakuna kitu. Asiyesoma huanguka kila mahali. Wewe hukuanguka kila mahali. Unasomaje?"

"Nasoma kama watu," nikamjibu. Jeuri tupu, na hofu ndani yake.

"Nionyeshe."

Nikaanza. Nikakosea neno, nikarudi. Nikakosea tena, nikarudi. Mara ya tatu akainua mkono.

"Nani alikufundisha kurudi?"

Lo! Nililia kilio cha mtoto, cha sauti, mpaka mtu akafungua mlango na kuufunga tena. Mwaka mzima nilikuwa nikimeza mate na kusema sijambo, na huyu mtu nisiyemjua ameniuliza swali moja tu. Nikamweleza habari za baba. Alinimiminia maji, akangoja.

"Baba yako hakukosea," akasema. "Kile alichokufundisha hakitakiwi kupotea hata herufi. Lakini huu mguu, ukiueleza kwa maneno yako mwenyewe, haukasiriki. Kesho utaanza na kidole cha mguu. Ukikosea, endelea. Na hutasoma peke yako."

Asubuhi yake akanipeleka chumba cha mifupa. Walikuwamo wenzangu wawili wanaorudia mtihani, kijana wa Majengo na msichana wa Bondeni. "Ala! Hata wewe?" yule msichana akasema. "Sisi tukidhani wewe ndiye unayejua kuliko wote!" Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amejificha kivyake, katika jengo moja. Kwa wiki sita tulishika mifupa ile, tukafundishana, tukachekana. Kuendelea baada ya kosa kulikuwa kugumu kwangu kuliko mifupa yenyewe. Ilikuwa kama kumpita baba mlangoni bila kumsalimu. Siku za kwanza, nikisoma alasiri kule chumba cha juu, nilikuwa nikiendelea huku machozi yananitoka.

Nilirudia mtihani, nikapita. Nilirudi nyumbani alasiri, nikamkuta mama juu ya mkeka anachagua mchele.

"Mama, nilianguka mtihani. Nimerudia, nimepita."

Hakuinua macho kwenye sinia. "Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Mimi nimeishi na mwalimu wa madrasa miaka thelathini, mwanangu. Mtoto aliyekwama namjua kwa sauti. Kizungu sikijui, lakini maneno yalikuwa yale yale kila siku, yale yale, wewe na kurudi. Kisha siku moja yakabadilika."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungenidanganya. Tungekaa na uwongo humu ndani, sisi wawili tu. Nikaona heri ninyamaze."

Akasogeza sinia kando. Akanyoosha mguu juu ya mkeka, akavuta leso aliyojifunga mpaka juu ya goti.

"Haya. Umefika miguuni? Nitazamie basi."

Goti lilikuwa limevimba. Nilipoligusa alikunja uso. Nikamuuliza linamzidi wakati gani, kama nilivyofunzwa kumuuliza mgonjwa.

"Ngazini," akasema. "Nikipanda kuja kukusikiliza."