Kikohozi cha Baba Mkwe

Nimeishi boma moja na baba mkwe wangu miaka ishirini na sita, lakini ungeniambia nikueleze sura yake, ningekwama. Gambuti zake ningekueleza. Kofia yake pia, mgongo wake akishuka kwenye mibuni, hata kiraka cha koti lake upande wa kushoto. Sura, hapana. Kwetu huku milima ya Ileje, mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani. Akija njia hii, wewe unachepukia migombani. Huli naye, humpi mkono, huingii chumba alichomo, na jina lake hulitamki hata nyumba ikiwaka moto. Vijana wa siku hizi wameyaacha hayo, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mimi nikaolewa nyumbani kwa mzee wa kanisa asiyekubali kupunguza chochote, si cha Biblia wala cha mababu.

Bahati nzuri alikuwa na kikohozi. Si cha ugonjwa, cha adabu. Kabla hajafika kona ya jiko langu: "Kho! Kho!" Mara mbili, na mimi huyo, nimetoweka. Hata nikiwa na mimba ya miezi minane nilikuwa natoweka hivyo hivyo, tumbo mbele, mimi nyuma. Mume wangu alikuwa ananicheka kwamba nalijua koo la baba yake kuliko ninavyomjua yeye. Kweli tupu! Nilijua kikohozi cha njaa, cha furaha, na cha siku ambayo mvua imenyesha juu ya kahawa iliyoanikwa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua kwamba mzee anaumwa, maana siku moja hakukohoa.

Nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia kigoda kinaburuzwa nyuma yangu, nikadhani ni jirani yangu. "Karibu, mwenzangu," nikasema bila kugeuka, "leo kwako hawajapika?" Nageuka, gambuti! Mungu wangu, baba mkwe kakaa jikoni kwangu, kanyoosha miguu motoni. Mlango yuko nao yeye, basi mimi nikatokea dirishani. Dirisha lenyewe dogo, na mwili Mungu hakuninyima. Nikakwama nusu ndani nusu nje, ugali unaungua, na mzee ananiuliza kwa upole, "Mama, kahawa mmeshaanua?"

Kahawa ilikuwa imeuzwa miezi mitatu nyuma.

Watu wakaanza kusema. Wengine wakadai ni uzee tu, mtu akishakula chumvi nyingi lazima apungue. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, wakaanza kumwangalia vibaya dada mkubwa wa mzee, ambaye kosa lake pekee ni kufika umri ule akiwa anakumbuka hadi leo nani aliiba kuku wa nani. Hilo lilinikera sana. Nikamwambia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huwa anapita tu kama mgeni, "Baba aende hospitali, au mimi sipiki."

Tukaenda. Mume wangu na baba yake wakaingia kwa daktari, mimi nikabaki kwenye benchi la nje, nimeupa mlango mgongo. Daktari, kijana wa watu, akamuuliza mzee leo ni siku gani.

"Wewe daktari mzima huijui?" mzee akajibu.

Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma. Akasema yeye kurudi nyuma hakufundishwa. Daktari akamgeukia mume wangu: anakula vizuri?

"Nadhani," mume wangu akasema.

"Hadhani!" nikapaza sauti kutoka nje. "Juzi kala mara tatu akasema tumemlaza na njaa!"

Analala? "Nadhani." "Halali! Anatembea hadi alfajiri!" Wagonjwa wote kwenye foleni wakaanza kunisikiliza mimi. Nesi akaniambia, "Mama, si uingie tu?" Nikamwambia siwezi, humo ndani kuna mkwe wangu. Akanitazama kana kwamba na mimi nahitaji kuandikiwa cheti.

Daktari mwishowe akawa ananiuliza mimi moja kwa moja, kupitia mlangoni. Akasema huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia. Si uchawi wala si laana, na si kila mzee lazima aupate. Unampata Mndali, unampata Mnyiha, unampata Mzungu, hauulizi kabila. Dawa ya kuuondoa hakuna. Ila mzee asihamishwe hovyo, aachwe kwenye mambo aliyoyazoea, na awe na mtu mmoja wa karibu wa kumsaidia. "Nani anakaa naye?" akauliza.

Sikumngoja mume wangu aseme tena "nadhani". "Mimi!" nikajibu. Nikiwa nimeangalia ukuta.

Habari zikamfikia wifi yangu aliyeko Tunduma, mwenye duka karibu na mpaka. Akaja mbio na uamuzi wake mkononi: anamchukua baba, atamweka chumba cha uani na geti litafungwa. Nikapandwa na hasira. Tunduma na yale malori? Mzee akiona geti wazi mara moja tu, atajikuta Zambia anatafuta mibuni yake!

"Sawa," wifi akasema. "Na hapa nani atamwogesha? Wewe? Mtu humgusi, humwoni. Utamwogesha kwa mdomo?"

Nikaona aibu, maana alisema kweli. Chakula cha mzee nilikuwa naweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nakohoa, nakimbia. Watoto wangu wako shule za bweni. Nilikuwa nimewauliza wazee wa ukoo, wakaniambia mwiko huo anauondoa mkwe mwenyewe: anakuita, anakupa kitu mkononi, umefunguliwa. Basi. Lakini ataniitaje mtu asiyekumbuka kwamba nipo?

"Jumamosi nakuja na gari," wifi akasema.

Alhamisi mvua ikanyesha. Nikaenda kumwekea chakula, chumba kitupu. Nikamkuta chini ya mibuni, kateleza kwenye mfereji, kakaa kwenye matope, suruali imechafuka kwa haja. Nikajificha nyuma ya mgomba nikakohoa, mjinga mimi, kana kwamba kikohozi kingemwinua. Akawa anatetemeka tu. Nikasema, miaka ishirini na sita ya adabu, halafu nimwache mtu afe kwa baridi nikiwa na adabu zangu? Nikaenda.

Ndipo nikamwona. Jamani! Masikio ya mwanangu wa mwisho, yale yale. Nikacheka pale pale kwenye mvua.

"Binti, wewe wa nani?" akauliza.

"Wa hapa hapa, baba."

"Basi shika hii." Akanipa fimbo yake, akanipa na mkono. Kama ile fimbo inahesabika kuwa ni kitu cha mkononi au haihesabiki, wazee wabishane wenyewe. Mimi niliipokea.

"Uangalie njia," akaninong'oneza. "Nina mkamwana hapa nyumbani. Asinikute hivi."

"Mkamwana gani huyo?" nikamchokoza.

"Ana mdomo! Namsikia tangu mtoni." Akatembea hatua mbili tatu. "Lakini tangu mke wangu afariki sijalala njaa hata siku moja. Na asante sijamwambia. Ningemwambia wapi, na hatuonani?"

Nilimchemshia maji nikamwogesha, na maneno hayo akayarudia mara tatu, kila mara kama habari mpya. Nikamwacha arudie. Nililia waziwazi, wala hakuniuliza nalilia nini.

Jumamosi asubuhi wifi akafika na gari nikiwa namwogesha tena. Nilisikia wanapakia godoro lake. Nikamfunika koti, nikamshika mkono tutoke, naye akagoma mlangoni mwa bafu.

"Kohoa kwanza," akaniambia. "Koo langu siku hizi halitoki. Mkamwana asije akatukuta."

Uani hapakuwa na mtu ila wifi yangu, amesimama na blanketi la mzee mkononi, ananitazama nilivyomshika baba yake. Nikakohoa. Kho! Kho! Kwa nguvu, kama alivyokuwa anakohoa yeye.

"Amepita?" mzee akauliza.

Wifi ndiye aliyemjibu. "Ameshapita, baba," akasema, kisha akaenda kumwambia dereva ashushe godoro.