Karatasi za Kichina Kwenye Barieri

Baba aliagiza vipuri vya pikipiki kwa ajili ya duka lake la Butembo. Alipochoka kudanganywa na wakalimani, alinituma China nijifunze lugha. Mwaka wa pili nilimpigia simu nikamwambia nahamia historia.

"Historia ya Bachina?" akapaza sauti. "Donc, kumbe sisi hatuna ya kwetu?"

Hakunisemesha tena mpaka niliporudi na udaktari wa historia.

Chuo kimoja cha Beni kilinipa kazi. Asubuhi ya somo langu la kwanza nilipanda gari Butembo pamoja na abiria wengine. Njiani watu walikuwa wameuawa juma lile. Kwenye barieri, askari walipofunga barabara, mmoja wao alifungua mkoba wangu, akatoa karatasi nilizonakili China: ushuhuda wa wakulima wa Kichina wa wakati wa vita.

"Hii ni maandiko gani?"

"Kichina, chef," nikamjibu kwa heshima. "Miye ni mwalimu wa historia."

"Mwanamuke wa Butembo na Kichina? Nani alikutuma?"

Alimwita mkubwa wake. Dereva akazima injini. Mkubwa akaniwekea karatasi moja mkononi.

"Soma. Kisha sema kwa Kiswahili. Ukidanganya, nitajua."

Asingejua. Ningeweza kumtajia hata bei za vitambaa. Lakini ile karatasi niliifahamu: mama mmoja akieleza jinsi askari walivyopita kijijini kwake, wa upande huu, kisha wa upande ule, wote wakila mbuzi wake. Walimu wangu walinikanya daima: shahidi usimtie maneno kinywani, wala usimnyang'anye yake. Nikasoma, nikatafsiri yote, mpaka pale mama anaposema hakujua tena amkimbie nani.

Mkubwa alinikazia macho. Nyuma yangu abiria mmoja alianza kusali rozari.

"Ule mama, alikufa?"

"Hapana, chef. Alirudi kulima."

"Mama yangu iko Oicha," akasema polepole. "Ku shamba yake ya kakao, hakuna mutu anafika tena."

Akanirudishia mkoba. Ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni, nami sikuthubutu kuidai.

Nilifika Beni nimechelewa, nusu ya wanafunzi wamekwisha kuondoka. Nikaandika "China" ubaoni, chaki ikakatika.

"Madame," akauliza kijana mmoja, "China inatuhusu nini?"

Nikawasimulia habari za yule mama. Kisha msichana wa nyuma akaanza kueleza yaliyompata shangazi yake, nami nikavuta kiti nikamsikiliza.