Neno la Kiingereza Lililozuia Wembe

Miaka ile viwanda vya samaki vilipofunguliwa Mwanza, mimi nilikuwa nakaanga mapanki pale Igogo. Mapanki ni yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, kiwanda kikishatoa minofu. Kazi hiyo unaifanya umesimama. Mwaka wa pili mishipa ya mguu wa kushoto ikavimba, ikajikunja chini ya ngozi kama minyoo. Jioni mguu unakuwa mzito, unawaka.

Pale zahanati daktari akautazama, akaandika neno moja kwenye kadi, akaita mgonjwa mwingine. Mimi nilisoma ngumbaru tu, ile ya watu wazima. Kiswahili nasoma, lile neno likanishinda.

Mama mkwe akatoka Misungwi na dawa yake ya unga na wembe mpya. Kwetu mguu ukiuma unachanjwa chale palepale panapouma, dawa inasuguliwa humo. Amechanja watu wengi na wamepona, sikatai. Akasema tutachanja Jumamosi, juu ya mshipa wenyewe, damu mbaya itoke.

Nilikuwa radhi. Ila nilitaka kwanza kujua daktari ameniandika nini. Siwezi kuitwa jina nisilolijua.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza alikuwa mteja wangu. Ijumaa akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisomee hii."

"Varikosi. Ni mishipa, mama."

"Mishipa naiona, sijapofuka. Hilo neno Wazungu wanalisema kwa kitu gani kingine? Kamba ikijikunja? Mzizi? Mto?"

Akacheka. "Mama, wanafunzi wangu hawaulizi hivyo!"

"Basi wafukuze."

Akaenda kwake, akarudi na kamusi. Akasema mti ukipinda wana neno lingine, na mto vilevile. Hili halitoki kwenye mishipa, na karibu kila mara ni mishipa ya mguu. Nikashangaa. Watu wakatunge neno zima kwa ajili ya mguu wangu!

"Maana yake?"

"Mshipa uliovimba na kupindapinda, kwa sababu damu inashindwa kupanda. Inabaki humo, imejaa."

"Imejaa kiasi gani?"

"Kamusi haisemi."

"Na ukichanjwa hapo?"

Hakucheka tena. "Mama, usithubutu. Itamwagika."

Jumamosi mama mkwe akanikalisha kwenye mkeka, wembe mkononi. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo Kiingereza ndicho kitakuponya?"

"Hapana, mama. Kimeniambia kilichomo tu. Gusa mwenyewe."

Alitaka kukataa, lakini mikono yake imezoea kupima. Akabonyeza. Mshipa ukazama, ukapotea kabisa. Akaachia, ukajaa tena mbele ya macho yake. Akabonyeza mara ya pili, mara ya tatu, kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea. Nami nilikuwa natazama vilevile, vichwa vyetu vinakaribia kugongana.

"Hii ni damu inayotembea," akasema polepole. "Mimi nachanja uvimbe uliokaa."

Akauzungushia wembe karatasi yake. Dawa akaichanganya na samli, akanipaka juu juu, halafu akavuta gunia la mkaa akanipandishia mguu.

"Mama, kwa Kisukuma huu ugonjwa unaitwaje?"

Akafikiri sana, mkono bado uko kwenye mguu wangu.

"Mimi siku zote nasema tu miguu inauma," akajibu. "Hebu litaje tena hilo la kwao."

Nikalitaja. Akajaribu mara mbili, likamshinda, akaendelea kupaka.