Simu Zote kwa Imeili Yangu

Panga lilishuka kwenye kioo cha kompyuta yangu kabla hata ya salamu. Hapa Kaisho mtu hata akija kukutukana huanza na shikamoo, akavuta kiti, ndipo atukane. Huyu hakusalimu. Alipasua kioo, akageukia sanduku la mashine, mara tatu, mara nne, na flashi iliyokuwa imechomekwa ubavuni ikaruka vipande viwili hadi barazani.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Badala ya kukimbia kama watu wenye akili, nilinyanyua kigoda nikamtwanga nacho mgongoni. Akageuka. Panga likapita kwenye vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, damu ikarukia barua za watu nilizokuwa nimemaliza kuchapa. Nikampiga tena, safari hii mdomoni, nikasikia jino likivunjika. Nikilikumbuka lile jino hadi leo moyo wangu unaburudika, Mungu anisamehe.

Wanaume waliokuwa wakipakia ndizi barabarani walikuja wakamwangusha, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe. Yuko chini, uso umejaa vumbi na damu, bado anacheka. "Haipo tena," akasema. "Jumamosi watamsikiliza nani?"

Kilichokuwa hakipo tena ni video ya dakika mbili. Dada yake, mteja wangu, alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake na kumuuguza baba yao hadi mwisho. Yule kaka alikuja siku ya mazishi, akala, akaanza kupima kibanja kwa hatua. Nanyi mnajua kwetu: shamba la migomba la ukoo haliachiwi binti, binti ataolewa, binti ni wa kwenda. Lakini kabla ya kufa mzee alijikongoja hadi shambani na fimbo yake, akamwambia binti amrekodi. Akaugusa mramura mmoja, ile mimea tunayopanda mipakani, akanyoosha fimbo kuelekea mwingine, akasema kwa Kinyambo cha taratibu: kutoka huu hadi ule ni pa huyu mtoto, ndiye aliyenisafisha. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi. Bila video ile, binti angefukuzwa na sufuria zake.

Kabla ya kuja kwangu, kaka alikuwa amepitia kwa dada yake. Alimvunja mkono wa kulia kwa mchi wa kutwangia, akampokonya simu, akaitupa chooni mbele ya macho yake. Naye kwa uchungu akapiga kelele, "Tupa tu! Nakala iko kwa dada wa kompyuta!" Ndivyo panga lilivyonifikia.

Zahanati tulikaa benchi moja, mimi nashonwa vidole, binti anasubiri kupelekwa hospitali akafungwe mkono. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halionekani. Akaniuliza, "Dada, lakini wewe unayo?"

Loo, aibu! Mimi ninayewahubiria watu kila siku, wekeni nakala, wekeni nakala! Nakala ya kwanza ilikuwa ndani ya mashine. Ya pili ilikuwa kwenye flashi, na flashi nimeiacha imechomekwa kwenye mashine ileile. Nakala mbili, meza moja, panga moja. Siku hizi nawaambia wateja: nakala ya pili ilale nyumba nyingine, kwa shangazi, kwa katekista, popote ambapo mwizi na moto wa hapa havitafika. Siku ile nilitikisa kichwa. Nikalia tu, muuguzi akadhani ni sindano.

Kesho yake asubuhi, vidole vinanipwita, nikakumbuka imeili.

Hapa lazima niungame. Mtu akileta simu mpya ya tachi nimfungulie, inadai imeili. Wengi hawana, na wale wenye nayo wamesahau neno la siri na wanakuja kunigombeza mimi. Basi nikavumbua njia ya mkato: kila simu niliifungua kwa imeili moja, yangu. Dakika tano mteja kaondoka anashukuru. Sikuwaza kwamba picha zinapanda mtandaoni zenyewe mtu akiwa na bando, na zote zinakwenda ghala moja.

Nikaazima simu ya jirani, nikaingia kwenye ghala lile. Video haipo. Halafu nikakumbuka kwamba kinachofutwa hakifi hapohapo, kinakaa kwanza wiki kadhaa kwenye kapu la vilivyofutwa. Nikafungua kapu. Mzee huyu hapa, na fimbo yake! Nikabonyeza kurudisha, nikapiga kelele hadi jirani akaja na jembe mkononi.

Ndipo nikaangalia picha nyingine za mle ghalani. Ya kwanza ilikuwa ya yule kaka wa panga, ameegemea pikipiki, anatabasamu na meno yake yote. Simu yake pia niliifungua mimi, kwa mikono yangu hii. Alikuwa amekaa kwake, akafungua picha zake, akamkuta baba yake anagawa kibanja. Akaifuta, kisha akachukua mchi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa mimi.

Jumamosi wazee walipokezana simu mkono kwa mkono. Baba mdogo wao aliiweka sikioni mara tatu. "Sauti ni yake," akasema, "na miramura naijua." Kaka alikuwa mahabusu. Binti akapewa kibanja chake.

Wiki iliyofuata alikuja dukani, mkungu wa ndizi kichwani, ameushika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umo kwenye plasta. Akanishukuru hadi nikaona haya. Kisha akasema, "Dada, jambo moja linanisumbua. Siku ile shambani tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Kaka alijuaje?"

Ningeweza kudanganya. Nikamweleza yote, imeili moja, ghala moja, uvivu wangu. Hakupiga kelele. Nilitamani anipige, angalau tungekuwa tumemalizana. Alitazama plasta yake, akatazama vidole vyangu, kisha akatoa mfukoni simu mpya, akaiweka mezani.

"Nifungulie yangu," akasema. "Yangu peke yangu."

Nikaanza. Tulipofika kwenye neno la siri, kwa mazoea nikauliza, "Tuandike lipi?"

"Geukia ukutani," akasema.

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa akiandika kwa kidole kimoja cha mkono asiouzoea, herufi moja baada ya nyingine, anakosea, anarudia. Sikumsaidia.