Linet Asiambiwe Mpaka Amalize

Mtu akikuambia mtoto wake yuko Marekani anatafuta udaktari, mpe kiti akae, maana huyo amechoka. Mimi si mama yake Linet, ni mama yake mdogo tu, mdogo wake Esnah aliyemzaa, na bado nimechoka hadi kwenye mifupa. Nashona sare za shule hapa Nyamira mjini. Watu huingia dukani kupimia watoto sketi, na kabla sijachukua futi wananiuliza, "Celestine, daktari wetu anaendeleaje?" Daktari! Walianza kumwita hivyo siku ya harambee ya kumchangia nauli, hata ndege hajaiona. Mama mmoja kutoka Magwagwa alimletea goti lililovimba alitazame palepale chini ya hema. Linet, msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi, akainama akalishika lile goti kwa heshima, akasema, "Pole, nyanya." Angefanya nini?

Kumbe huko alikokwenda udaktari hauanzi na udaktari. Hilo hatukulijua. Unasoma kwanza chuo miaka minne, sayansi tupu, halafu ndipo unaomba nafasi ya shule ya udaktari. Na kwa mgeni asiye raia, nafasi zenyewe ni za kutafutwa na tochi. Alama zako zikiwa za hivi hivi, hawasomi hata jina lako mpaka mwisho. Tulipoelezwa hayo tulikuwa tumeshakula mbuzi wa kumuaga.

Mwaka wa kwanza Linet alianguka. Tuseme ukweli. Alikuwa anaosha sufuria katika jiko la chuo, amejaza masomo mengi kuliko kichwa kinavyoweza kubeba, na katika kemia, lile somo gumu linalowachuja wanaotaka udaktari, akapata D. Mshauri wa wanafunzi akamwita akamwambia bila kuzunguka: punguza masomo, rudia kemia, na ukianguka tena, tafuta ndoto nyingine. Hapo ndipo tulipofika. Somo moja lilikuwa limeshika mlango wote.

Na unajua kilichomwangusha? Si ujinga. Linet hana ujinga, huyo alikuwa akiwafunza wenziwe hesabu. Ni adabu. Kule kila mwalimu ana saa zake za kukaa ofisini na mlango wazi, mwanafunzi aingie aulize alichokosa kuelewa. Linet hakuingia hata siku moja. Muulize mtoto yeyote aliyesoma huku kwetu: ukionekana mlangoni kwa walimu, umeitwa, na ukiitwa, kiboko kinakungoja. Alikuwa akipita pale anawaona wenzake wamekaa foleni nje ya ofisi, anawaonea huruma. Maskini, anajiuliza, hawa nao wamefanya nini?

Aliyemtoa hapo ni baba yake, Ongeri. Shemeji yangu alikuwa mkulima wa chai, masomo aliachia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu. Lakini kila Jumamosi, Sabato ikiisha na jua limezama, Linet alipiga simu ya baba yake. Huko aliko ndio kwanza asubuhi. Ongeri alikaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe chake, simu ameiweka sauti ya wote, na sisi tunasikiliza. Jumamosi moja Linet alipokiri kwamba hajawahi kuingia kwa mwalimu, Ongeri aliweka kikombe chini.

"Huyo mwalimu, umemwona na fimbo?"

"La, tata." Tata ndiyo baba kwetu.

"Sasa unaogopa mkono mtupu?"

"Tata, nitamwambia nini?"

"Mwambie hujaelewa. Jumatatu uende. Akikufukuza, nipe namba yake nimpigie mimi."

Jamani, tulicheka! Ongeri ampigie mzungu! Lakini Linet alienda. Mwalimu alimtazama, akamuuliza alikuwa wapi muda huo wote. Tangu hapo akawa mtu wa kwanza kwenye ile foleni, na alama zikaanza kupanda, pole pole, kama mgonjwa anayejifunza tena kula. Kila Jumamosi Ongeri anauliza, "Umegonga?" naye anajibu, "Nimegonga, tata." Basi ulibaki mtihani wa mwisho wa ile kemia aliyorudia.

Zilikuwa zimebaki kama wiki tatu hivi Ongeri alipoanguka kwenye majani chai. Presha. Tulimkimbiza hospitali Kisii, na kabla ya kupambazuka akawa ameenda. Hakuaga mtu.

Ndugu yake mkubwa, Ondieki, ndiye aliyesimama kwanza pale nyumbani. "Maiti haingoji mtihani," alisema. "Linet ndiye kifungua mimba. Aambiwe leo, alie leo, na Alhamisi tuzike." Wazee wakaitikia. Ni maneno ya haki, sitasema uongo. Esnah alikuwa amekaa chini, viatu hana, hajatoa chozi tangu hospitali. Akasema bila kuinua kichwa, "Asiambiwe mpaka amalize. Na hazikwi mpaka aambiwe."

Si jambo geni hilo. Sote tumeliona. Mtoto akifiwa na mzazi wakati wa mitihani ya taifa, kijiji kizima kinafunga mdomo, mwalimu anajua, mpishi anajua, mtoto peke yake hajui, mpaka aweke kalamu chini. Tunahesabu kwamba tumemwonea huruma. Lakini mimi nilimfuata dada yangu jikoni nikamwambia, "Dada, huyu si mtoto wa darasa la nane. Ni mtu mzima."

"Kwangu bado yuko kwenye mtihani," akasema. "Akianguka huu, baba yake alikufa bure."

Nilichukua upande wake. Dada ni dada.

Basi Ongeri akabaki mochari, na sisi tukabaki na kazi ya kudanganya. Usione kazi hiyo ni ndogo. Mchungaji alisimama kanisani akatangaza marufuku: hakuna picha mtandaoni, hakuna kuandika pole, hakuna kuwasha mshumaa kwenye simu. Tuliwapigia watu wetu walioko kule Marekani mmoja mmoja tukawaapisha. Ondieki alikasirika hata akakataa chai yetu, lakini hata yeye alifunga mdomo.

Simu ya kwanza niliipokea mimi, maana Esnah alinisukumia. "Tata yuko wapi?" Nikasema amelala, homa kidogo. Jumamosi iliyofuata nikasema koo limemkauka, hawezi kuongea. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia miguuni pangu kila wiki. Linet alikuwa na furaha, maskini. Alisema amepata tisini na kitu katika jaribio, nimwambie baba sasa hivi, nimwambie na yeye anasikia. Nilitoka nje na ile simu. Nikasimama karibu na banda la ng'ombe, nikaliambia giza, "Shemeji, mtoto amepata tisini." Kisha nikarudisha simu sikioni nikasema, "Amefurahi sana, amecheka." Nilijichukia. Hadi leo nikipita lile banda najichukia.

Akamaliza mtihani. Alipiga siku hiyohiyo, anaongea haraka haraka, anacheka, anasema hakuna swali lililomshinda. Tulikuwa tumejaa sebuleni, mchungaji na Biblia yake, Ondieki, majirani. Tulikuwa tumepanga mchungaji aongee kwanza. Esnah akamnyang'anya simu.

"Linet, mwanangu, keti chini."

Kicheko kilikatika. "Ni tata?"

"Ni tata."

"Lini?"

Esnah akamwambia lini. Nilitaka alie. Mtu akilia unajua pa kuanzia. Badala yake akauliza, "Mama mdogo yuko hapo?"

"Niko, mama," nikajibu.

"Uliniambia amecheka."

Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Mlikaa mkagawana kifo cha baba yangu, mkaninyima fungu langu. Pengine ningeufanya huo mtihani. Pengine ningeuacha. Ilikuwa ni juu yangu." Kisha ndipo akalia, na simu ikakatika.

Hakuja kuzika. Alisema akitoka, hana hakika ya kuruhusiwa kurudi, na wale wa chuo walimwambia vivyo hivyo. Ondieki mwenyewe alimshikia simu juu ya kaburi aone. Mtandao wa huku kwetu unaujua, picha inaganda, inaachia, inaganda. Ilipoganda juu ya uso wake, alikuwa amefumba macho, tukadhani anaomba.

Alama ilitoka. A. Esnah alisema asante Mungu, akajifunika leso usoni, na hakuna aliyejua analilia lipi. Mshauri wa chuo alifurahi mno, alisema alama zinazopanda hivi ndizo shule za udaktari zinazopenda kuona. Watu wa dukani walinipa mkono. Daktari wetu! Nikawaambia mnapima sketi ama mnaondoka?

Tangu hapo Linet hatuamini. Hana matusi, hana kisirani, anaongea vizuri tu. Lakini kila mtihani ukikaribia anapiga simu ya picha, na lazima tujipange. Anataka kumwona kila mtu. "Mama mdogo, sogea kwenye mwanga." Ondieki naye huitwa atoke kwake, anakuja ananung'unika, anaonyesha uso wake, anarudi. Kisha Linet anamwambia mama yake, "Mama, tembea mpaka mlangoni, rudi." Na Esnah anatembea kama mtoto anayepimwa shuleni.

Sasa yuko mwaka wa nne. Alama zimekaa vizuri, maombi ameshapeleka, bado mtihani mkubwa wa kuingilia, ule wa kushindana na dunia nzima. Mwezi huu nilikwenda kwao nikamkuta Esnah amelala mchana, jambo ambalo hafanyi. Presha. Alikuwa ameshaenda hospitali akarudi, hakumwambia mtu, vidonge amevificha chini ya mto. Upande mmoja wa mwili, alisema, unamfia ganzi kidogo.

"Linet anapiga leo," akaniambia. "Nivalishe."

Nilimvalisha gauni la kanisani. Nikampaka mafuta usoni hadi akang'aa, nikamfunga kitambaa kichwani. Simu ilipoita aliketi wima kwenye kiti kama bibi harusi, akasalimia, akacheka, akauliza kama chakula cha huko kina chumvi. Linet akasema, "Mama, tembea nikuone." Akainuka. Alitembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, nami nimeshika simu kwa mikono miwili, namfuata nayo.

"Sawa, mama," Linet akasema. "Nimekuona. Sasa naweza kusoma."

Simu ilipokatika Esnah akashika kiti, mimi nikamshika kiuno. Aliniuliza mtihani ni lini. Nikamwambia Alhamisi. Nilimlaza, nikamvua viatu, na sikumpigia Linet.